Aliyeachwa na Kahawa

Juzi mimi na mume wangu tulitazama filamu ya kuchekesha ya mapenzi kutoka Norwei, "Verdens verste menneske", yaani Mtu Mbaya Kuliko Wote Duniani, iliyotengenezwa na Joachim Trier mwaka 2021. Renate Reinsve, aliyeigiza Julie, alitunukiwa tuzo huko Cannes mwaka huo huo.

Aksel anammiminia Julie kahawa. Julie anawasha taa. Mara mji wote wa Oslo unasimama kama sanamu, naye anakimbilia kwa mwanamume mwingine.

Mimi nilicheka. Mume wangu hakucheka. "Mama watoto," aliuliza, "huyu aliyeachwa na kahawa yake, nani anamtazama?"

Nilinyamaza. Kila alfajiri yeye ndiye anichemshiaye chai. Kesho yake nilimtangulia kubandika birika.