Zamu ya Debe

Aliyekulia Njombe anaijua baridi ya Juni na Julai: ukungu umelalia miwati hadi saa tatu asubuhi, vidole vimekufa ganzi, maji ya mtungini yanauma meno. Kuoga maji ya baridi miezi hiyo ilikuwa adhabu, na kwa hiyo kila jiko lilikuwa na debe lake, lile la bati lililokuja mjini na mafuta ya kula, likagongomewa kipande cha mti juu kuwa mshikio, ubavu wake umeganda masizi yasiyotoka hata kwa jivu na gunzi.

Debe lilisubiri sufuria. Ugali ukishaepuliwa na mboga imeivishwa, ndipo mama aliposogeza vigogo vya miwati katikati ya mafiga, akabandika debe na kulifunika kwa sinia kuukuu ili mvuke usitoroke, nasi watoto tukauzunguka moto ule, macho yanatutoka machozi kwa moshi, mmoja anasomewa hesabu za kesho, mwingine anasinzia, hadi tuitwe mmoja mmoja kwenda kwenye uwa wa matete nyuma ya nyumba na ndoo nusu ya kuzimua kwa kopo. Aliyeonekana na ndoo iliyojaa aliulizwa kama anakwenda kuogesha ng'ombe. Maji yaliyosalia yaliachwa juu ya makaa yaliyofukiwa majivu, na alfajiri yalikuwa bado na uvuguvugu wa kunawia uso. Kuni zilitoka mbali, kichwani mwa mtu, na moto kuwaka bila kitu juu yake lilikuwa jambo la kugombezwa.

Siku hizi kijana aliyepanga chumba anachovya hita kwenye ndoo ya plastiki, anachomeka, anakwenda zake. Dakika 20, maji tayari. Moshi hakuna, kuni hakuna. Ila hita hiyo haina masihara: anayetia mkono kujaribu maji kabla ya kuichomoa anaweza kupigwa shoti akafa, na kila mwenye watoto ndani aliogope hilo.

Maji yenyewe hayajabadili hesabu yake, tunaisoma tu kwenye mita ya umeme, LUKU. Lita 20 zenye nyuzi 18, kuzifikisha nyuzi 40 za kuogea, zinakula kama nusu yuniti. Shawa ya umeme ya wati 5,000 ikifunguliwa dakika 10 inapita robo tatu ya yuniti, na sijui nani hutoka chini ya maji ya moto baada ya dakika 10 tu mwezi wa Julai. Ndoo na kopo, vinavyoonekana ushamba, bado vinaishinda shawa. Kufunika tumeacha. Ndoo inachemshwa wazi, birika la umeme linajazwa pomoni kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Juu ya bati la mama sasa kuna tangi la sola na mirija yake ya vioo. Ukungu ukishaondoka, jua la mchana wa kiangazi huku juu ni kali, hata hewa ikiwa ya baridi. Maji yanapata moto hadi jioni, na kwa kuwa tangi lina kuta mbili na foma nene katikati, alfajiri yanatoka bado moto. Mama anafungua bomba tu. Kifua chake, kilichokohoa miaka yote ya mafiga, kimetulia, na kwa hilo pekee nisingekubali debe lirudi. Lakini wajukuu wanaoga kila mmoja saa yake, mlango umefungwa, na siku nzima inaweza kupita hawajaketi pamoja. Moto ule ulituketisha hata tuliponuniana. Hilo nalikosa sana, na sola haiwezi kulileta.

Kenya iliandika kanuni mwaka 2012 kwamba jengo linalotumia maji ya moto zaidi ya lita 100 kwa siku lifungwe sola. Natamani mafundi wetu nao wamuulize mwenye nyumba habari hiyo kabla ya kupandisha bati. Kikwazo ni bei: sola inadai fedha yote kwa mkupuo, wakati mzigo wa kuni unanunuliwa kwa fedha ya leo. Ndiyo maana jirani za mama bado wanachochea mafiga. Jioni huja kuchota kwake ndoo moja moja, naye hamnyimi mtu, maadamu jua liliwaka. Mawingu yakikaa kutwa, wote wanarudi kwenye kuni.