Kadi ya Sita

Watu wengi wakiona kioo cheusi husema kompyuta imekufa. Kwa mashine ya kuchimba sarafu, hilo ni jambo la mwisho kuliamini. Kadi ya picha inaweza kupiga hesabu usiku kucha bila kumwonyesha mtu chochote. Kioo tumewekewa sisi, yenyewe haikihitaji. Zipo hata kadi zilizotengenezwa bila tundu la kioo kabisa, kama P106-100 ya NVIDIA, na nimewahi kumwona kijana Kariakoo akiinunua kwa furaha, kisha akaigeuzageuza mkononi kutafuta HDMI iko upande gani.

Mashine ya mjomba wangu ilikuwa na kadi sita, zote RX 580 za mtumba, zimefungwa kwenye fremu ya mbao aliyoichonga mwenyewe katika chumba cha nyuma, Tabata. Alizinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Mwaka 2019 Benki Kuu ilikuwa imetoa tahadhari kuhusu sarafu hizi, naye akatulia. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoitaka Benki Kuu, akiwa Mwanza, ianze kujiandaa na mambo haya, mjomba alilisikia neno "kujiandaa" kama ameambiwa yeye.

Mke wake alikuwa na daftari. Kila umeme uliponunuliwa aliandika tarehe, uniti na shilingi. Mashine ilikula wati kama 700, mchana na usiku, yaani karibu uniti 17 kwa siku. Mteja mdogo wa nyumbani huuziwa umeme kwa bei nafuu asipozidisha uniti 75 kwa mwezi; mashine ilizimaliza hizo kabla siku ya tano haijaisha. Daftari hilo halikuwa na neno hata moja la lawama, na sijui lawama gani ingemuuma mjomba kuliko zile nambari.

Kwa hiyo kioo kilikuwa na kazi kubwa pale nyumbani. Ndicho kilichokuwa ushahidi. Mjomba alimwita mkewe, akamwonyesha mistari sita, kila kadi ikipiga hesabu kama milioni 30 kwa sekunde, na chini yake kiasi kidogo cha Ethereum kikiongezeka. Julai 2022 kioo kilipozima, mkewe alisema jambo moja tu: kisipowaka hadi Ijumaa, kadi ziuzwe, mabati ya jikoni yabadilishwe kabla ya mvua.

Nilifika Alhamisi jioni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akinivuta mkono kuelekea chumba cha nyuma. Feni zilikuwa zinazunguka zote, taa zinawaka, joto la chumba kama la tanuri la mikate. Kioo kiliandika kwamba hakipati mawimbi, kisha kikalala.

Nilianza na kile kilicho rahisi kuthibitisha. Nilikitoa kioo na waya wake wa HDMI, nikavichomeka kwenye king'amuzi sebuleni. Ikatokea taarifa ya habari, safi kabisa. Basi kioo kizima, waya mzima. Kisha nikamwomba mjomba afungue kwenye simu ukurasa wa kundi la wachimbaji alilojiunga nalo.

"Mashine inafanya kazi, mjomba. Kadi tano."

"Tano?" Alinitazama kama niliyemwambia kwamba mtoto mmoja hajarudi kutoka shule.

Pale ndipo jibu lilipokuwa. Kioo kilichomekwa kwenye kadi moja, na kadi hiyo ndiyo iliyopotea. Zile tano ziliendelea na kibarua chao gizani. Nilihamishia waya kwenye kadi ya jirani, nikawasha upya, na picha ikarudi. Mjomba alipiga makofi. Alitaka kumwita mkewe saa ileile.

Nilimwomba asubiri. Kadi haipotei hivihivi. Nilizima kila kitu, nikachomoa umeme ukutani, nikaichukua ile ya sita na kuiweka moja kwa moja kwenye tundu refu la ubao mama, peke yake. Ikawaka bila shida. Kadi haikuwa na kosa. Kilichobaki ni raiza, kile kibao kidogo chenye waya kama wa USB kinachoiwezesha kadi kukaa mbali na ubao mama ikapata hewa.

Niligeuza raiza. Plagi yake ya umeme ilikuwa ya SATA, aina ya plagi inayotumika kwa diski, na upande mmoja plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuwa kahawia. Plagi hiyo imeundwa kubeba wati 54. Kadi inaruhusiwa kuvuta hadi 75 kupitia tundu lake. Raiza za bei rahisi huja na waya huo ndani ya pakiti, kana kwamba ni sawa. Nyuma ya fremu, karibu kiasi cha kuguswa kwa kiwiko, palikuwa na godoro la wageni lililosimamishwa ukutani.

Mke wa mjomba alikuwa mlangoni.

"Hiyo ndiyo harufu," alisema. "Nimesema wiki mbili."

Mjomba alikuwa amemjibu kwamba ni vumbi kwenye feni.

Hatukuiwasha usiku ule. Kesho yake nilileta raiza sita zenye plagi ya pini sita, kila moja na waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na godoro likahamia chumba kingine. Mkewe alitazama mistari sita, akaufunika kwa kofia kalamu aliyokuwa ameishika, akatoka bila kusema neno. Kadi hazikuuzwa Ijumaa ile.

Nilimweleza mjomba kwamba Ethereum inakaribia kuachana na uchimbaji, kwamba jaribio la mtandao wa Ropsten lilifaulu Juni. Alisema wamekuwa wakiyasema hayo kwa miaka, na alikuwa sahihi. Ila 15 Septemba wakafanya kweli. Kwa wiki mbili alihamia sarafu nyingine, akajumlisha mwenyewe katika daftari la mkewe, kwa kalamu ya mkewe, kisha akazima.

Bei ya kadi ilikuwa imeporomoka. Wachimbaji dunia nzima walikuwa wanauza. Wa kwanza kuja alikuwa kijana anayehariri video za harusi. Aliuliza kama kadi zilichimbia. Mjomba akasema ndiyo, miezi kumi, hii hapa ndiyo iliyokuwa ikinionyesha picha, akaichomeka ili kijana ajionee, na mkewe akaleta kiti cha pili.