Vielelezo vya Miaka Sabini

Wanangu wameamua kwamba mwaka huu nifanyiwe sherehe. Nimetimiza miaka sabini, na kwa kuwa wengi wao wanaishi Dar es Salaam, ambako hata mtoto wa miaka mitatu hukatiwa keki, hawakuona haja ya kuniuliza. Binti yangu wa tatu alinipigia simu akataka jambo moja tu: "Baba, tuandikie vitu sabini unavyovipenda. Tutavichapisha kwenye kitambaa tukitundike ukumbini." Nikamwambia Mpare hawezi kupenda vitu sabini kwa mkupuo mmoja, atafilisika. Akacheka, lakini hakupunguza hata kimoja.

Nikakaa barazani na daftari. Tatizo likajitokeza mapema: kila nilichokiandika kilikuja na jalada lake. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kuanzia mwaka 1978 hadi nilipostaafu mwaka 2015, nikihamishwa huku na huku ndani ya Wilaya ya Same, mara tambarare, mara milimani. Nikiandika maji, namuona mdai na mdaiwa. Nikiandika parachichi, nawaona ndugu wawili wasiosalimiana wamekaa ncha mbili za benchi moja. Kazi yangu ilikuwa kufungua majalada, kupokea ada, kuandika samansi, kutunza vielelezo na kuwatafsiria Kipare wazee ambao Kiswahili kilikuwa kizito midomoni mwao. Hakuna mtu anayetoka Chome au Vudee kuja kusimama mbele ya hakimu, akaambiwa shauri limeahirishwa, akarudi tena na tena, kwa ajili ya kitu asichokipenda. Kwa hiyo mengi ninayoyapenda leo nilifundishwa na watu waliokuwa wakiyagombania mbele ya meza yangu.

Najua watani zetu Wachaga wanasema nini. Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sikatai. Ila mtani huwa hasemi yule kuku alikuwa anataga mayai mangapi, wala kama jirani alikuwa ameanza kwa kumla yule wa kwanza.

Na hii tabia ya kudai haikuanza na sisi. Baba yangu alikuwa miongoni mwa wanaume walioteremka Same mwaka 1945 kupinga mbiru, kodi ambayo serikali ya Waingereza ilitaka kumpangia kila mtu kwa kukadiria mali yake. Maelfu ya watu walipiga kambi pale mjini, wakakataa kuondoka mpaka wasikilizwe, na miaka michache baadaye kodi ile ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa huku huku Upare, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Baba hakukisoma. Yeye alikuwa akisimulia unga uliokuwa unaletwa kutoka milimani na wake zao, na kwamba kilichowachoma hasa hakikuwa fedha. Ilikuwa ni mtu kuingia uani kwako bila kukaribishwa na kuanza kuhesabu mbuzi.

Basi nianze na maji.

Mimi nilizaliwa upande wa Mbaga, ambako maji yanapita nyuma ya jiko na kelele zake huzisikii tena kwa mazoea. Sikujua kwamba maji ni kitu cha kupendwa mpaka nilipopangiwa kazi upande wa magharibi, kwenye kivuli cha mvua, ambako mawingu humwaga mzigo wake kwenye vilele na kuwaachia watu wa chini upepo mtupu. Huko wazee walijenga ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe, limewekwa kwenye kijito juu ya mashamba. Jioni mlango wake huzibwa, usiku kucha maji yanajikusanya, asubuhi unafunguliwa na maji yanashuka kwenye mifereji hadi kwa wenye zamu. Nyingine siku hizi zimepakwa saruji, lakini zamu ni zile zile na ugomvi ni ule ule.

Mama mmoja wa bonde la Makanya alifungua shauri la madai dhidi ya jirani yake, kwamba aliamka kabla ya jogoo, akazibua ndiva na kunywesha mahindi yake kwa zamu isiyo yake. Hakimu wetu wakati huo alikuwa ametoka kandokando ya Ziwa Victoria. Alisoma hati ya madai mara mbili, kisha akanigeukia kwa sauti ya chini: "Karani, maji yanaibiwaje?" Mmoja wa washauri, mzee aliyekuwa na masikio makali kuliko nilivyodhani, akajibu kabla yangu. "Mheshimiwa, kwenu maji yanawatafuta watu. Huku watu wanayatafuta maji."

Tukaenda kwenye eneo bishaniwa kwa miguu. Wale wazee wawili (wakati huo hakimu wa mahakama ya mwanzo hakukaa peke yake, alikaa na washauri wawili) walivua kandambili wakaingia mferejini. Mmoja alichimba udongo kwa kidole, akaunusa, akampa mwenzake. Wakabishana kwa Kipare kama unyevu ule ulikuwa wa jana au wa alfajiri ile, nami nikawa natafsiri mabishano juu ya tope, kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Mwishowe hakimu naye akakunja suruali akaingia. Waliporudi kivulini wakakubaliana kwamba udongo wa mfereji wa jirani ulikuwa na maji mapya. Jirani hakubisha sana.

Ilipofika sehemu ya hasara, yule mama aliulizwa anadai kiasi gani. Alifikiri, akasema: "Andikeni usiku mmoja wa kuamka bure." Hakimu alimweleza kwamba sheria inataka fedha. Akajibu kwamba fedha haijawahi kuzuia ndiva isivuje. Waliishia kusuluhishwa: jirani aliachia zamu yake inayofuata, na kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, akabeba sehemu ya yule mama pamoja na yake. Sijui kama suluhu ile ingepita mbele ya majaji wa rufaa, lakini haikukatiwa rufaa. Tangu siku ile, nikifungua bomba nyumbani siliachi likitiririka, na wajukuu wananiona bahili.

Masale niliyapenda kwa njia hiyo hiyo. Kwa mgeni ni majani tu ya kupamba uani. Kwetu ni mpaka, na mpaka uliopandwa na babu una uzito kuliko hati yenye mhuri, jambo ambalo mwenye mhuri kama mimi halipendi kulisema hadharani.

Chumba changu cha kazi kilikuwa pia stoo ya vielelezo. Majembe, baiskeli isiyo na mnyororo, magunia ya kahawa, mbuzi wakati mwingine, ingawa mbuzi tuliwaomba wenyewe wawatunze kwa dhamana. Kulikuwa na redio ya mbao ambayo ndugu wawili walikuwa wanaigombania, na kwa muda mrefu nilifanya kazi karibu na redio nzuri kuliko yangu bila ruhusa ya kuiwasha. Ila kielelezo nisichokisahau ni cherehani, Singer nyeusi ya mkono, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia.

Lilikuwa shauri la mirathi. Mjane alisema ile cherehani alinunuliwa na marehemu mumewe. Shemeji alisema ni mali ya ukoo kwa sababu fedha ilitokana na kahawa ya shamba la ukoo. Mashauri ya namna hii yalikuwa mengi enzi zile; kahawa ikipanda bei, na ugomvi ulipanda. Cherehani ikaletwa kwangu. Kila shauri lilipotajwa, yule mjane alifika mapema kuliko wote, akaniomba aipake mafuta isije ikaota kutu. Niliomba ruhusa kwa hakimu, ikatolewa, mradi mimi niwepo. Basi alikuwa akikaa, anadondosha mafuta kwenye vitobo kwa unyoya wa kuku, kisha anazungusha gurudumu taratibu, sindano ikipanda na kushuka bila uzi wala kitambaa. Hakuwa akiongea. Mimi nilikuwa najifanya naandika rejista.

Siku ya ushahidi shemeji alizungumza vizuri, maana wakati huo mawakili walikuwa hawaruhusiwi mahakama za mwanzo na kila mtu alijitegemea kwa mdomo wake. Alipomaliza, mjane akaulizwa kama ana swali kwa shahidi. Alikuwa nalo moja. "Shemeji, hilo shati ulilolivaa kuja kunishtaki, umeshonewa na nani?" Mahakama nzima ikaangalia kola. Akajibu kwamba aliyeshona ni yeye mjane. "Na ulinilipa mimi, au uliulipa ukoo?" Alikuwa amemlipa yeye, na risiti ipo. Sitasema kwamba kesi iliamuliwa na kola, kulikuwa na mashahidi wengine na hakimu aliandika hukumu ya kurasa kadhaa, lakini cherehani ilitoka ofisini kwangu ikiwa kichwani pa yule mama. Ofisi ikawa kimya kwa namna ambayo sikuizoea. Nilipopata malimbikizo ya mshahara nikamnunulia mke wangu cherehani, naye hakujua kushona wala hakuwa ameniomba.

Makande nayo yana jalada. Mume mmoja, akiomba talaka, aliorodhesha miongoni mwa mateso yake kwamba analishwa makande wiki nzima. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 wanandoa lazima kwanza wapitie baraza la usuluhishi, na yeye alikuwa amepita akaja na cheti chake. Mke hakujitetea kwa maneno mengi. Aliomba tu mlalamikaji aulizwe ni siku gani aliyabakiza. Wapo wanaopika makande kwa maharage na nazi, nawaheshimu, lakini makande ni ya ngwara, mahindi yametwangwa yakatoka ganda, yamekaa jikoni tangu usiku. Nimeagiza yapikwe siku ya sherehe. Watoto wamependekeza pilau. Pilau itakuwepo kwa ajili ya wageni wa Dar.

Vipo vichache visivyo na shauri. Ukungu unaoteremka kutoka kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, ukakukuta njiani bila sweta. Harufu ya tangawizi mbichi Mamba Miamba msimu wa kuvuna, inapojaa ndani ya gari mpaka nguo zako zinanukia chai. Na treni. Nilikua nikisikia honi yake kutoka juu mlimani, na nilipofanya kazi Same mjini, tulikuwa tunanyamaza shahidi akiwa katikati ya sentensi mpaka ipite. Miaka ya tisini treni ya abiria ikakoma, na reli ile waliyoijenga Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza ikabaki kuota majani. Treni iliporudi Desemba 2019, nilikwenda stesheni bila safari yoyote, na niliwakuta wazee wengi pale ambao nao hawakuwa na safari. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amefuata nini.

Mama watoto aliichungulia orodha ilipofika hapo, akauliza yeye yuko wapi. Nikamwambia nimeombwa vitu. Akaniangalia. Nikaongeza kwamba hata hivyo cherehani imeandikwa. Akasema hilo atalikatia rufaa.

Sabini sijafikisha na sitafikisha, na binti yangu nimeshamwambia kitambaa kichapishwe kifupi. Kipo hata hivyo kimoja nilichokiongeza juzi kwa hasira, nacho ni mwembe wangu wa uani. Jirani yangu mpya amejenga uzio, ameng'oa masale, na mwembe nilioupanda mwaka niliooa sasa una shina kwangu na matawi manene kwake. Mashauri ya ardhi yalitoka mikononi mwa mahakama za mwanzo kwa sheria ya mwaka 2002, na tangu mwaka 2021 baraza la kata halina tena uwezo wa kuhukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa, mnakwenda baraza la wilaya. Hayo yote nayajua kwa moyo, na wanangu wamenisihi, baba, mwaka huu wa sherehe, acha. Wamesema maembe yanauzwa sokoni. Mtoto wa Dar ndiye anayeweza kusema hivyo.

Nimekwenda kata nikafungua lalamiko. Limepangwa Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, na nimeshaandaa maelezo yangu, mashahidi wawili na picha ya mwaka 1983 ambamo mwembe unaonekana nyuma ya bega la mke wangu, ukiwa na kimo cha mtoto. Jirani nilimpelekea karatasi mbili kwa mkono wangu mwenyewe. Kadi ya mwaliko ameipokea, akashukuru, akauliza kama aje na watoto. Wito wa baraza amekataa kuugusa. Amesema huo uletwe na mwenyekiti wa kitongoji, kwa utaratibu. Yuko sahihi kabisa, na ningekuwa bado karani, ningemwambia hivyo hivyo.