Autokrosi Isiyo na Vumbi

Kenya nimezoea autokrosi ya vumbi: magari yanazunguka kwenye udongo, matope yanaruka, na mtazamaji anarudi nyumbani kola imegeuka rangi. Kwa hiyo binti wa shangazi yangu, muuguzi anayeishi Omaha, Marekani, aliponialika autokrosi mjini Lincoln, nilitafuta viatu vichakavu. Alicheka. "Kaka, huko vumbi hulioni. Ni saruji tupu."

Kazi ilianza Jumamosi mchana, mbele ya nyumba yake. Gari ni Mazda MX-5, ambalo Wamarekani huliita Miata: viti viwili, paa la turubai, uzito usiofika tani moja. Lilizinduliwa Chicago mwaka 1989, na hili lake ni la miaka hiyohiyo ya mwanzo. Ndilo analoendea kazini. Nilidhani tutafunga vyombo vya ajabu. Kumbe kazi ni kutoa. Tairi ya spea, jeki, mikeka, chupa za maji, hata sarafu zilizojificha chini ya kiti, vyote nje, maana gari likikata kona kwa ghafla, kitu kilicholegea kinaweza kuingia chini ya pedali ya breki. Kisha akaitikisa betri kwa mkono kuona kama imeshika, akakaza nati za magurudumu, akatazama mafuta ya breki. Basi.

"Na injini?" nikauliza, kwani sijawahi kusikia gari la mashindano ambalo fundi hajalifungua tumbo.

"Ukiigusa wanakuhamisha daraja, unapangwa na wenye magari makali."

Daraja lake huruhusu mabadiliko machache, shokomzoba mathalani. Tairi nazo lazima ziwe na namba ya uimara isiyopungua 200, iliyochapwa ubavuni. Zile laini zinazonata barabarani lakini zinakwisha upesi hazikubaliwi.

Jumapili tulifika mapema kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi la anga, iliyofungwa mwaka 1966. Mji huuhuu umekuwa mwenyeji wa fainali za taifa za mchezo huu, zinazoandaliwa na SCCA, klabu ya magari iliyoanzishwa mwaka 1944. Nilipoutazama uwanja nilichanganyikiwa: koni za rangi ya chungwa zimetapakaa kila upande, kama mahindi yaliyopandwa na mlevi. Njia iko wapi? Madereva waliitembea kwanza kwa miguu, wakipinda viganja hewani na kujisemea. Nikaelezwa kwamba koni iliyolazwa huonyesha upande wa kupita. Ukiangusha iliyosimama unaongezewa sekunde 2, na ukipotea njia mzunguko huo hauhesabiwi.

Nilivishwa helmeti nikaketi kulia, upande ambao kwetu ni wa dereva. Gari lilipoondoka mguu wangu ukaanza kutafuta breki isiyokuwepo. Hatukuvuka gia ya pili wala hatukumaliza dakika nzima, lakini tumbo lilibaki kona moja nyuma yangu muda wote. Binamu hakuitazama koni iliyokuwa mbele yetu hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye ya tatu. Nilipiga kelele. Sioni haya.

Tuliposimama alitoka na kuchuchumaa penye gurudumu la mbele. Kabla ya kuanza alikuwa amepaka ukingo wa tairi dawa nyeupe ya viatu, ile ile tuliyopaka raba za shule. Sasa akaonyesha ilipofutika: ilikuwa imevuka kialama kidogo cha pembetatu kilichopo begani mwa tairi. Maana yake tairi inalala ubavu kwenye kona, upepo hautoshi. Akaongeza kidogo, akapaka tena. Jua lilipopanda na tairi kupata moto, akaupunguza. Huo ndio ufundi wote niliouona siku hiyo, na ulihitaji pampu na kipima upepo.

Zamu yake ilipokwisha tulipelekwa uwanjani kusimamisha koni za wengine, kwani huko kila mshindani ni mfanyakazi pia. Nilikimbia kuliko nilivyotarajia.

Vyama vyetu vya michezo ya magari, tafadhali tufikirieni tusio na magari ya matope. Tutafutieni kiwanja cha lami Jumapili moja, wekeni koni, na muwe na daraja la Vitz na Demio zinazotupeleka kazini. Mikeka tutaitoa wenyewe.