Nyuzi Thelathini

Mashua ikitulia, mstari wa maji unaizunguka sawasawa. Ukiweza kuitazama kutoka juu, umbo ambalo maji yamelikata linafanana na jani: jembamba omo, pana katikati, kisha bapa kule tezi. Kushoto na kulia ni pacha. Sasa kusi ilipige tanga, chombo kilale kidogo. Jani linaharibika. Upande wa chini unafura, wa juu unanyooka, na pacha hakuna tena. Ndiyo sababu mojawapo chombo kilicholala hutaka kugeuza omo kuelekea upepo unakotoka, na nahodha anabaki kukaza usukani.

Nilianza kuchora mistari hii kwa sababu ya Ami. Ana mashua ya watalii pale Lamu, na alitaka kuijengea roshani juu, watu wapande wapige picha za machweo. Fundi alishataja bei. Mimi niliacha chuo katikati ya uhandisi, kwa hivyo nikisema “itapinduka” ni maneno ya kijana wa Nairobi tu.

Basi nikaipima kwa tepu, taruma baada ya taruma, nikaingiza vipimo kwa FreeCAD, ambayo shukuru Mungu ni ya bure. Ukitaka mstari wa nyuzi 10, haitoshi kuinamisha uso wa maji. Uzito wa mashua haujabadilika, kwa hivyo ujazo uliozama lazima ubaki uleule. Unainamisha, unapima, unashusha maji kidogo au unayapandisha, unapima tena. Halafu 20. Halafu 30. Kila pembe na rangi yake.

Kinachookoa chombo ni ule uvimbe wa upande wa chini. Msukumo wa maji unahamia huko, uzito unabaki ulipokuwa, na kati yao wanakiinua. Mradi uzito ukae chini. Mfaransa Pierre Bouguer alieleza hesabu yake katika kitabu cha 1746. Mabaharia wa Lamu hawakumngoja: wanapakia magunia ya mchanga kuwa farumi, na upepo ukizidi wanakalia ubao uliotokeza nje upande wa joshi.

Kwa nyuzi 30, mstari mwekundu ulivuka ukingo wa mashua ya Ami. Hapo si mstari tena, ni maji ndani.

Nilimwonyesha kwa simu. Hakutaja Mtongwe, ingawa watu wa rika lake huku Pwani wanakumbuka 1994, feri ilipopinduka na zaidi ya watu 250 wakafa. Alivuta picha kwa vidole viwili, akaitazama sana ile nyekundu.

“Na wakiona pomboo?”

“Vipi, Ami?”

“Wakiona pomboo wote hukimbilia upande mmoja, mwanangu. Nichoree hiyo.”

Nikafungua laptopu. Watu 12, kilo 70 kila mmoja, wote kushoto, wote juu ya roshani.