Vijana wa Kisomali, Daraja katika Nchi za Barafu

Kaskazini-magharibi ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, kuna uwanda mpana uitwao Järva. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 uwanda huo ulishikwa na jeshi, na vizazi vya askari wa Uswidi vilifanyia mazoezi yao hapo. Jeshi lilipouachia, pembezoni mwake yalisimama maghorofa ya Rinkeby, Tensta na Husby, yakiwa sehemu ya mpango mkubwa wa serikali wa kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Reli ya chini ya ardhi ilifika Rinkeby mwaka 1975. Wenyeji walivyozidi kupata uwezo walihamia kwingine, na milango waliyoifunga ikafunguliwa na wageni: kwanza wale waliokuja kutafuta kazi viwandani, kisha wakimbizi wa vita. Leo atokaye katikati ya jiji kwa treni hufika Rinkeby kwa muda wa dakika 20 hivi, na hapo husikia Kisomali kikisemwa dukani, kituoni na mlangoni mwa msikiti. Watu huuita mtaa huo Mogadishu Ndogo, wengine kwa mapenzi, wengine kwa dharau.

Wasomali ni jirani wa watu wa Afrika Mashariki tangu kale, kwa biashara, kwa ndoa na kwa dini. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, watu kwa maelfu walivuka mpaka na kuingia Kenya, ambako kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka huohuo. Kutoka huko na kwingineko baadhi yao walichukuliwa na nchi za Kaskazini ya Ulaya. Wengine walikwisha kutangulia. Mwaka 1990 na 1991 Wasomali wengi, miongoni mwao wanafunzi waliokuwa wakisoma katika Muungano wa Kisovieti, walipanda treni Moscow na kuteremka Helsinki, mji mkuu wa Ufini, kuomba hifadhi. Leo Uswidi ina watu karibu 70,000 waliozaliwa Somalia. Norwe ina zaidi ya 40,000, wakihesabiwa pamoja na watoto waliozaliwa huko, na Denmark na Ufini kila moja ina zaidi ya 20,000. Kwa mataifa yenye watu wachache kama hayo, hesabu hiyo si ndogo.

MTOTO MKALIMANI

Baridi ya nchi hizo ni kali, na mwezi wa Desemba jua la Helsinki halidumu hata saa 6 angani. Lakini baridi ina dawa yake: mtu huvaa koti, hufunga dirisha, huwasha taa. Shida iliyozisumbua zaidi familia za Kisomali haikuwa na dawa dukani. Mtoto aliyeingizwa shule hujifunza lugha ya nchi kwa miezi michache. Mzazi wake huihangaikia kwa miaka. Basi mtoto wa miaka 10 huwa mkalimani wa mama yake mbele ya daktari, na wa baba yake mbele ya karani wa ofisi ya kazi. Ashikaye ufunguo wa lugha hushika na sehemu ya madaraka ya nyumba. Mzazi aliyezoea kuheshimiwa hujiona amepunguzwa, naye mtoto hubeba siri na mizigo isiyolingana na umri wake.

Ni kutoka katika watoto wakalimani wa namna hiyo walikotokea wengi wa viongozi vijana wa leo. Kazi waliyoianza utotoni jikoni mwa mama zao ndiyo waliyoipeleka baadaye katika mabaraza ya miji na mabunge.

Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika kwa uchungu Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Stockholm. Chama cha madaktari wa Uswidi wenye asili ya Somalia kilitangaza kwamba kati ya watu 15 wa kwanza waliofariki jijini humo, 6 walikuwa Wasomali. Sababu zilizotajwa zilikuwa wazi: familia kubwa katika nyumba ndogo, kazi za teksi, mabasi na utunzaji wa wazee, ambazo mtu hawezi kuzifanya akiwa nyumbani, na maelezo ya serikali yaliyochelewa kufika kwa lugha ambayo wazee waliielewa. Helsinki na Oslo nako maofisa wa afya walikuta Wasomali wakiambukizwa kupita kiasi cha idadi yao. Ndipo vijana walipoingia kazini, wakatafsiri maagizo, wakarekodi sauti zao kwa Kisomali na kuzisambaza kwa simu kutoka nyumba hata nyumba. Serikali zilikuwa na wataalamu, magari na fedha. Zilichokosa ni mdomo unaoaminika.

Upande mwingine wa jambo hili unawahusu zaidi walinzi wa usalama. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wa Al-Shabaab walilishambulia jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi, na watu 67 wakauawa. Miongoni mwa washambuliaji alitajwa kijana mmoja, raia wa Norwe mwenye asili ya Somalia, aliyekulia katika mji mdogo kusini mwa nchi hiyo. Kijana mmoja hawezi kuwa kipimo cha maelfu, na maelfu hao ndio waliokuwa wa kwanza kuumia kwa habari hiyo. Hata hivyo tukio lile lilionyesha kwamba kijana asiyeona mahali pake katika nchi ya malezi, wala katika nchi ya asili, huweza kufikiwa na mkono mbaya kabla ya kufikiwa na mkono mwema. Yanayotendeka katika mitaa ya Kaskazini ya Ulaya yaweza kuliza watu Nairobi.

JUMA LA JÄRVA

Waswidi wana desturi ya kukusanyika kila kiangazi mjini Visby, katika kisiwa cha Gotland, kwa juma la hotuba na mijadala ya siasa. Desturi hiyo ilianza mwaka 1968, Olof Palme alipohutubia wananchi akiwa amesimama juu ya lori. Wakubwa wote wa vyama huenda huko. Lakini Visby ni mbali na Rinkeby, kwa nauli na kwa mwaliko pia.

Ahmed Abdirahman, aliyefika Uswidi kutoka Somalia mwaka 1998 akiwa mtoto na kukulia Tensta, aliamua kuuleta mkutano nyumbani. Mwaka 2016 alianzisha katika uwanja wa michezo wa Spånga, karibu na Tensta, juma la siasa liitwalo Järvaveckan, yaani Juma la Järva. Viongozi wa vyama vya Bunge la Uswidi walialikwa kuja kuzungumza papo hapo mbele ya watu ambao mara nyingi walizungumziwa bila kuwapo. Walikuja, na wameendelea kuja. Mashirika, viwanda na idara za serikali huweka mahema yao. Kijana atafutaye kazi huonana na mwajiri, na mama mwenye malalamiko huyasema usoni kwa anayehusika. Katika mitaa hiyo idadi ya wapigao kura huwa ya chini ikilinganishwa na sehemu nyingine za nchi, ingawa tangu mwaka 1976 sheria ya Uswidi imewaruhusu hata wageni wasio raia, waliokaa miaka ya kutosha, kupiga kura katika uchaguzi wa mabaraza ya miji. Haki ilikuwapo katika karatasi kwa muda mrefu. Kilichohitajika ni mtu wa kuieleza kwa lugha ya nyumbani.

Mitaa hiyo imejua pia usiku mbaya. Mwezi Mei 2013, baada ya polisi kumpiga risasi na kumwua mzee mmoja mjini Husby, magari na majengo yalichomwa moto kwa karibu juma zima, na ghasia zikaenea katika mitaa mingine ya jiji. Katika usiku huo wazazi na vijana wa kujitolea walitoka na kutembea barabarani makundi kwa makundi, bila silaha, wakizungumza na watoto waliowajua kwa majina. Kutembea usiku kwa namna hiyo ni desturi ya wazazi wa Uswidi tangu miaka ya 1980, na Wasomali wameishika kama yao. Polisi yeyote ajuaye kazi yake anafahamu thamani ya mtu awezaye kumwita kijana mwenye jiwe mkononi kwa jina la baba yake.

MCHEZO JUU YA BARAFU

Kilomita zaidi ya 200 kutoka Stockholm uko mji wa Borlänge, mji wa kiwanda cha chuma, wenye wakazi kiasi cha 50,000. Wasomali kwa maelfu walihamia humo kwa muda mfupi, na wenyeji wakawa hawasemezani nao. Mwaka 2013 mkazi wa hapo, Patrik Andersson, alibuni jambo lililowachekesha wengi: kuunda timu ya taifa ya Somalia ya bandi. Mchezo huo huchezwa na watu 11 kila upande, kwa magongo na mpira mdogo, juu ya barafu yenye ukubwa wa uwanja wa kandanda. Vijana wengi waliojitokeza hawakuwahi kuvaa viatu vya makali ya chuma. Walifundishwa na Per Fosshaug, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa Uswidi, wakaanguka, wakainuka, wakaanguka tena.

Januari 2014 timu hiyo ilisafiri hadi Irkutsk, Siberia, kushiriki mashindano ya dunia. Ilifungwa kwa mabao mengi, kama ilivyotazamiwa. Lakini bao la kwanza la Somalia lilipoingia wavuni, watazamaji walishangilia kana kwamba kombe limetwaliwa. Huko Borlänge watu waliokuwa wakipishana kimya sokoni walipata neno la kuanzia mazungumzo. Vijana wale hawakukana Usomali wao ili wakubalike. Walivaa rangi ya buluu na nyota nyeupe ya Somalia, wakacheza mchezo wa wenyeji.

HELSINKI NA OSLO

Wasomali wa Ufini walifika wakati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa nchi hiyo ulianguka, kazi zikapotea, na mgeni mweusi akawa rahisi kulaumiwa. Mashariki ya Helsinki barabara moja ya Meri-Rastila ilibandikwa jina la Mogadishu Avenue, na baadaye jina hilo likawa la mchezo wa televisheni. Miaka 30 baadaye, mwaka 2021, Suldaan Said Ahmed, aliyekuwa tayari diwani wa Helsinki, aliingia Bungeni akiwa mbunge wa kwanza wa Ufini aliyezaliwa Somalia. Kabla yake, mwaka 2014, Nura Farah alitoa riwaya kwa Kifini kuhusu maisha ya wanawake wa jangwa la Somalia, na Wafini wakayasoma maisha hayo kwa lugha yao wenyewe. Naye Ujuni Ahmed amesimama hadharani kupinga ukeketaji na mateso ya wasichana ndani ya familia. Kazi yake ni ngumu kuliko nyingine, maana huwaambia watu wake yale wasiyopenda kusikia, na papo hapo hulazimika kuwazuia wasiowapenda Wasomali wasiyatumie maneno yake kama fimbo.

Uswidi ilimchagua Leila Ali Elmi, mzaliwa wa Somalia, kuwa mbunge mwaka 2018, na Norwe ikamchagua Marian Hussein mwaka 2021; mwaka 2023 alichaguliwa kuwa naibu kiongozi wa chama chake. Wote wawili waliingia katika mabunge hayo wakiwa wamevaa hijabu, jambo ambalo huko halikuwa limezoeleka.

DARAJA HUKANYAGWA

Heshima hizo zina gharama. Daraja, kwa kazi yake, hukanyagwa na wapitao kutoka pande zote mbili. Baadhi ya wazee humshuku kijana wa namna hii kwamba amemezwa na wageni. Baadhi ya wenyeji humwambia arudi kwao, ingawa hana kwao kwingine anakokukumbuka. Akifaulu huitwa mfano wa pekee, na kosa lake moja huhesabiwa kuwa kosa la Wasomali wote. Siasa nazo hubadilika: sheria za uhamiaji zimekazwa katika nchi hizo, na vyama vinavyotaka wageni wapungue vimepata nguvu.

Wenye hekima miongoni mwao hawalitafuti jibu katika kuacha asili, wala katika kujifungia. Tangu mwaka 1977 shule za Uswidi zimekuwa na wajibu wa kuwafundisha watoto wa wageni lugha za wazazi wao, na Kisomali, ambacho kiliandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972 tu, ni miongoni mwa lugha zinazofundishwa kwa wingi. Mtoto asomaye barua ya bibi yake na gazeti la nchi yake kwa siku moja hana sababu ya kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Nchi za Afrika Mashariki zimewapokea wakimbizi wengi kuliko zote za Kaskazini ya Ulaya, zikiwa na mali chache zaidi. Nazo zina watoto wakalimani katika kambi, katika zahanati na katika vituo vya polisi vya mipakani. Afisa anayemsikiliza mtoto wa namna hiyo kwa upole leo huenda anazungumza na mtu atakayewatuliza vijana wa mtaa mzima kesho.