Nambari Niliyoifuta

Kabla sijaiacha skuli, siku moja tulichemsha maji darasani ili tujue yanachemka kwa nyuzi ngapi. Kipimajoto changu kilisimama kwenye 98. Nikakitazama mara tatu, kisha nikaifuta 98 nikaandika 100, maana ndivyo ulivyosema ubao. Nikapewa alama ya vema. Nimetunga mashairi mengi tangu hapo, wala sikumbuki uongo mwengine nilioutunga kwa wepesi kama ule.

Erasto Mpemba hakufuta. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aligombania nafasi ndani ya friji, akayatia maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, swali lake liligeuzwa mzaha, naye akazidi kujaribu. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipowatembelea, Mpemba akamwuliza huku wenzake wakicheka. Osborne akaagiza jaribio lirudiwe. Fundi wa maabara akaleta jibu lile lile, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Kila nikimsoma fundi yule najiona mwenyewe na kifutio changu.

Makala ya wawili hao ilichapishwa 1969. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wasilione jambo hilo, wakaonesha kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu kwatosha kumhadaa mpimaji. Ubishi haujesha.

Katika tafsiri zangu nimezoea kuandika “ushahidi”. Neno hilo lanuka mahakama: shahidi huapa, nasi humwamini kwa kiapo na cheo chake. Kipimajoto hakiapi. Chapaswa kuhojiwa.

Juzi mpwa wangu alinijia na daftari na kipimajoto alichoazimwa skuli.

“Mjomba, kimesoma 98. Niandike mia?”

Nikamwambia aandike alichokiona. Kisha tukakitia katika bilauri ya barafu inayoyeyuka, tukangoja. Kikasimama nyuzi mbili chini ya sufuri. Akanyamaza kitambo, akaandika: “Maji yamechemka 98. Kwenye barafu kimesoma -2. Huenda kipimajoto hiki kinapunguza mbili.”

Halafu akaniuliza kama kinapunguza mbili kila mahali, au kwenye ncha zile mbili tu. Sikuwa na jibu. Tukateleka maji upya.